Mawe matatu na kaharabu moja: nitajuaje kama ni kisukuku cha kweli?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina vitu vinne naomba unisaidie. Cha kwanza ni jiwe bapa lenye mchoro mweusi kama mti mdogo wenye matawi. Cha pili ni jiwe la mviringo, mjomba anasema ni yai la dainosari. Cha tatu nimekiokota mwenyewe kwenye korongo, kina umbo la konokono aliyejikunja. Cha nne nimenunua mtandaoni, ni kaharabu yenye nyuki ndani, muuzaji kaandika ni ya Jamhuri ya Dominika na ina miaka milioni 65. Je, ni visukuku vya kweli? Ni viumbe gani na vina umri gani? Picha nimeambatanisha.

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Picha nimeziona zote, na asante kwa kuweka rula pembeni kwenye ile ya tatu, maana bila kitu cha kulinganishia huwa nabaki nakisia tu kama kitu kinashikwa kwa vidole viwili au kinabebwa na watu wawili. Jibu la haraka ni hili: hicho cha konokono ni kisukuku, yaani mabaki ya kiumbe wa kale yaliyohifadhiwa ardhini, tena kizuri. Mchoro wa mti sio mmea. Yai sio yai, ingawa hapo nabakiza shaka kidogo na nitakwambia kwa nini. Na kaharabu ndo penye maneno, kwa sababu umetoa hela na karibu kila alichoandika muuzaji kinapingana na huyo mdudu aliyemo ndani.

Karibu kila anayeniandikia anaanza na kufanana. Jiwe limefanana na yai basi ni yai, limefanana na unyayo basi ni unyayo. Nimeshatumiwa mioyo, ndimi, vichwa vya nyoka, mpaka ubongo, na yote yalikuwa mawe tu yaliyochongwa na maji. Kiumbe akifa nyama yake inaoza au inaliwa, ni mara chache sana inapata nafasi ya kubaki, kinachodumu ni vitu vigumu kama ganda, meno, mifupa na mti. Kwa hiyo mi huwa siulizi kinafanana na nini, nauliza kimejengwaje. Kiumbe hai anajijenga kwa mpango, ana pande zinazolingana, ana sehemu zinazojirudia kwa utaratibu, ana mistari ya kukua, na mpango huo unabaki kwenye jiwe hata baada ya kila kitu kingine kupotea.

Mfano mmoja tu uone ninachosema. Kuna makundi mawili ya viumbe wa baharini wenye maganda mawili, wa jamii ya chaza na kome, na wale wanaoitwa brakiopodi. Ukiyaangalia harakaharaka ni yaleyale, na watu wengi wanayachanganya. Lakini shika ganda moja, pitisha mstari wa kufikirika kuanzia kwenye bawaba kushuka mpaka ukingoni. Kwa brakiopodi upande wa kulia na wa kushoto wa ganda hilohilo vinalingana kabisa, ila ganda la juu na la chini havifanani. Kwa wengi wa jamii ya chaza na kome ni kinyume chake, ganda moja ni pacha wa lenzake lakini lenyewe limeegemea upande mmoja. (Chaza wenyewe wanavunja sheria hii mara nyingi, ganda moja bapa lingine limebinuka, kwa hiyo usije ukanitukana.) Kwa mstari mmoja wa kufikirika umeshatenganisha makundi mawili ambayo hata undugu wa karibu hayana.

Sasa twende kwenye jiwe lako la kwanza. Huo mchoro unaitwa dendraiti, ni madini ya manganizi na chuma. Maji yenye madini hayo yanapenya kwenye ufa mwembamba kati ya tabaka mbili za mwamba, halafu madini yanatambaa na kugawanyika matawi kama wino unavyotambaa kwenye kitambaa kilicholowa. Chukua lenzi ya mkono ya mara 10, ndo kifaa cha kwanza cha kazi hii na wala sio cha gharama, uusogeze mchoro karibu. Jani la kweli lina mshipa wa kati, kutoka kwenye huo mshipa inatoka midogo kwa mpangilio, lina ukingo unaoeleweka, na majani mawili yakikutana moja linalala juu ya lingine. Kwenye jiwe lako hakuna mshipa hata mmoja, matawi yote yanaanzia kwenye ule ufa wa upande wa kushoto, na hakuna tawi linalolivuka lingine, kila yanapokaribiana yanakwepana. Hiyo ni tabia ya madini. Usilitupe lakini, ni jiwe zuri, na usijione mjinga, maana hata yale mawe ya chokaa ya Solnhofen kule Ujerumani, yaliyotoa ndege wa kale Akiopteriksi, yamejaa dendraiti na watu wanauziwa kila siku wakiambiwa ni mimea.

Yai la mjomba. Mjomba umsalimie, ila mawe ya mviringo yapo mengi mno duniani na sehemu kubwa yake tunayaita konkrisheni, yaani madini yaliyogandisha mchanga au tope kuzunguka kitu fulani cha katikati, tabaka juu ya tabaka, mpaka likatokea donge gumu kuliko mwamba unaolizunguka. Mwamba ukimomonyoka donge linabaki. Mengine yanapasuka ndani na nyufa zinajazwa kalsaiti, madini ya chokaa, yakaonekana kama gamba la kobe, na hayo nayo naletewa sana. Yai la dainosari kinacholitambulisha ni ganda wala sio duara. Tafuta sehemu iliyovunjika uangalie ukingo kwa lenzi, kama ni yai utaona ganda jembamba, mara nyingi milimita 1 hadi 3 hivi, lenye rangi tofauti na kilichomo ndani, na juu yake kuna vijinundu au mikunjo midogo na vitundu vya kupumulia. Mara nyingi ganda lenyewe limepasukapasuka vipande kama vigae. Lako kwenye picha lina uso laini wa mchanga uleule nje na pale lilipomeguka, hakuna ganda. Ile shaka niliyobakiza ni kwamba konkrisheni nyingine zina kitu kweli katikati. Kule Mazon Creek, Illinois, Marekani, madonge ya namna hiyo yametoa mpaka jelifishi na majani ya miaka zaidi ya milioni 300. Kwa hiyo tafadhali usichukue nyundo, ukilipasua vibaya na kuna kitu ndani, umekipoteza.

Na hata ukiwa na yai la kweli kazi haijaisha, kwa sababu ganda halikwambii moja kwa moja ni la nani. Msafara wa makumbusho ya New York ulioongozwa na Roy Chapman Andrews ulipata mayai Mongolia mwaka 1923, kila mtu akakubali ni ya dainosari aitwaye Protoseratopsi kwa sababu ndo aliyekuwa amejaa eneo lile. Mnyama mwingine aliyekutwa juu ya kiota akahesabiwa kuwa mwizi, akaitwa Oviraptor, yaani mwizi wa mayai. Miaka 70 ikapita ndo likapatikana yai la aina ileile likiwa na kijusi ndani, na mifupa ya kijusi ikawa ya jamii ya huyohuyo mwizi. Maskini alikuwa kakalia mayai yake. Kukutwa sehemu moja ni dalili, ila sio ushahidi wa mwisho.

Cha tatu sasa, hapa ndo nilipofurahi. Huyo sio konokono, ni amonaiti, ndugu wa mbali wa ngisi na pweza, aliyekuwa anaishi kwenye ganda la kujikunja. Nimejuaje kwa picha? Kwanza amejikunja bapa, mzunguko wote uko kwenye usawa mmoja, wakati konokono wengi wanapanda juu kwa pembeni. Hiyo peke yake haitoshi kwa sababu wapo konokono bapa. Kilichomaliza ubishi ni pale kwenye mzunguko wa ndani ambapo ganda la juu limebanduka, umeona kuna mistari myembamba inayopindapinda, inaingia na kutoka, ina vijimatawi? Hizo ni alama za kuta. Ndani ya ganda la amonaiti kuna vyumba vingi vilivyotenganishwa na kuta, mnyama mwenyewe anaishi chumba cha mwisho cha nje, na pale ukuta unapogusa ganda unaacha huo mstari. Konokono hana vyumba, ni bomba moja tu toka mwanzo mpaka mwisho.

Watu wengi wanachanganya mistari hiyo na mbavu. Mbavu ni yale matuta yanayoonekana kwa nje, ukipitisha kidole unayahisi, yamenyooka au yamepinda kidogo kuelekea ukingoni. Mistari ya kuta huwezi kuihisi kwa kidole, iko sawa na uso, na inaonekana tu pale ganda lilipotoka ukabaki tope lililogeuka jiwe ndani. Kwa hiyo ukipata amonaiti mwenye ganda zima usiseme hana mistari, imefichwa. Na usimkwangue ili uione, nakuomba.

Mistari hiyo inakupa na umri. Kwa jumla jamii za zamani, kuanzia kipindi cha Devoni mpaka Permi (vipindi vya kijiolojia vya kabla ya dainosari), zilikuwa na mistari ya mawimbi rahisi au yenye kona. Zile za Triasi, kipindi kilichofuata, nyingi zina mawimbi laini upande mmoja na meno madogo upande wa pili. Za Jurasi na Kretasia, vipindi vya mwisho vya dainosari, mistari imechanganyikana mno, kila wimbi lina vijiwimbi na vijiwimbi vina vijimeno. Wako kwa ninavyoona ni wa kundi la mwisho. Amonaiti wote walitoweka miaka milioni 66 iliyopita, kipindi kilekile walipotoweka dainosari wasio ndege, kwa hiyo mwamba uliomtoa una umri wa zaidi ya hapo, hilo naweza kulisema nikiwa nimekaa. Jina la jenasi, yaani kundi la spishi za karibu, siwezi kukupa kwa picha hii. Nahitaji kuona ukingo wa nje, yaani mgongo wake, kama una kigongo kimoja kilichochongoka, mfereji, au uko mviringo tu, kwa sababu mgongo ndo unaogawa koo nyingi za amonaiti, na watu wote wanapiga picha ubavu peke yake.

Halafu kaharabu. Kaharabu ni utomvu wa miti uliokaa ardhini mamilioni ya miaka mpaka ukabadilika kikemia ukawa mgumu na imara. Kati ya utomvu mbichi na kaharabu kuna kitu kingine ambacho biashara ya mtandaoni inakipenda sana, nacho ni sandarusi. Sandarusi ni utomvu uliogandana lakini haujakomaa, ya Madagaska na pwani ya Afrika Mashariki inatoka kwenye msandarusi, na karne ya 19 ilikuwa inasafirishwa kwa wingi kupitia Zanzibar kwenda kutengenezewa vanishi. Ndani yake kuna wadudu halisi kabisa, ila kwa hesabu za jiolojia ni wa juzi, miaka mia kadhaa mpaka maelfu, mingine haifiki hata hapo. Sio plastiki, sio takataka, lakini ukiuziwa sandarusi kwa jina la kaharabu umepigwa.

Tuanze na maneno ya muuzaji. Kasema Jamhuri ya Dominika, miaka milioni 65. Kaharabu ya Dominika inakadiriwa kuwa na miaka milioni 15 mpaka 20, haikaribii hata kidogo 65. Namba hiyo kaiokota kwenye habari za dainosari kwa sababu inauza. Kaharabu ya Baltiki ni ya miaka milioni 34 mpaka 48 hivi, ya Myanmar kama 99, ya Lebanoni kama 125 mpaka 130. Muuzaji anayejua mali yake anajua namba hizi kichwani, asiyejua au amebahatisha au anakudanganya.

Halafu mdudu. Nimekuza picha mpaka imeanza kuvunjika. Huyo ni nyuki wa asali wa kawaida, mkubwa, ana manyoya mpaka kwenye macho na mguu wa nyuma una lile bapa la kubebea chavua. Nyuki huyu hakuwepo Amerika mpaka Wazungu walipompeleka na mizinga karne ya 17. Nyuki wanaopatikana kwa wingi kwenye kaharabu ya Dominika ni wale wadogo wasiouma, wa milimita chache tu, na mishipa ya mabawa yao imepungua sana. Kwa hiyo ama sio ya Dominika, ama huyo mdudu kaingizwa na binadamu, na mi naamini la pili.

Angalia na mkao wake. Yuko katikati kabisa, mabawa yametandazwa pande zote mbili sawasawa, miguu sita imepangwa vizuri kama aliyekaa kupigwa picha. Mdudu aliyenaswa na utomvu anapambana. Miguu inakunjika, bawa moja linanata kabla ya lingine, kuna vipovu vya hewa mdomoni au tumboni, kuna mawimbi ya utomvu uliomwagika mara ya pili na ya tatu juu yake, kuna uchafu, vumbi la magome. Kwenye kaharabu ya Baltiki mara nyingi utaona ukungu mweupe kama maziwa upande mmoja wa mdudu, uliotokana na unyevu wa mwili wake ulipokuwa unaoza, na vinywele vidogo vya umbo la nyota kutoka kwenye mialoni. Watu wanaona hizo ni kasoro, wanataka kipande kisafi. Mi nikiviona hivyo ndo naanza kuamini. Na ukubwa pia, sehemu kubwa ya wadudu wa kwenye kaharabu ni vijinzi na vijimbu vya milimita kadhaa, wakubwa walikuwa na nguvu ya kujinasua. Ukiona nge mzima, mjusi mzima, au nyuki wa kujaza kipande kwa bei rahisi, shtuka.

Usione aibu, wameshadanganywa wakubwa. Makumbusho ya Historia Asilia ya London walikuwa na nzi kwenye kaharabu ya Baltiki, walimpata mwaka 1922 pamoja na mkusanyo wa zamani. Willi Hennig, ambaye kwenye masuala ya nzi na uainishaji wa viumbe alikuwa jabali, aliandika kuhusu nzi huyo mwaka 1966 na kumtambua ni aina ileile ya nzi wa chooni anayeishi mpaka leo. Ikawa ajabu kubwa, kiumbe hajabadilika mamilioni ya miaka. Mwaka 1993 mtafiti Andrew Ross alikuwa anamkagua kwenye hadubini, taa ikapasha kipande joto na ufa ukajitokeza kumzunguka nzi. Kumbe kaharabu ilikuwa imekatwa vipande viwili, kimoja kikachimbwa kishimo, nzi wa kawaida akawekwa, vikaunganishwa tena. Kaharabu yenyewe ilikuwa ya kweli kabisa! Ndo maana vipimo vya kaharabu peke yake havitoshi, ungempima vile unavyotaka angefaulu.

Kwa hiyo fanya hivi. Shika kipande mbele ya taa ukizungushe taratibu, ukitazama kwa pembeni sio kwa mbele, tafuta mstari au utando mwembamba unaopita kipande chote kwenye usawa wa mdudu, na vipovu vilivyolala kwenye usawa huohuo. Huo ni muungano wa gundi. Kama una taa ya UV, ile ya kukagulia noti, mulika gizani, gundi mara nyingi inawaka rangi tofauti na kilichobaki. Kaharabu yenyewe huwa inatoa mwanga wa bluu au kijani au njano, sandarusi inafifia kuelekea weupe, lakini usitoe hukumu kwa rangi hiyo peke yake.

Kipimo cha pili ni maji ya chumvi. Yeyusha gramu 180 hivi za chumvi kwenye lita moja ya maji, tumbukiza. Kaharabu na sandarusi zinaelea, kioo na plastiki nyingi zinazama. Nimesema nyingi, sio zote, polistaireni inaelea. Ukimaliza suuza kwa maji baridi. Cha tatu ni asetoni, ambayo iko kwenye dawa nyingi za kutolea rangi ya kucha. Tone moja dogo, sehemu iliyojificha, mbali na mdudu, subiri nusu dakika uguse. Sandarusi inanata, plastiki kadhaa nazo zinalainika, kaharabu iliyokomaa inabaki kama ilivyo. Ile ya sindano ya moto kila mtu anaitaja na mi siipendi, inaacha kovu, inaweza kupasua kipande, na harufu ya utomvu utaisikia kwenye sandarusi vilevile kwa hiyo haikusaidii kutenganisha. Kipimo cha uhakika ni cha maabara kwa mwanga wa infraredi, ambacho kinasoma kemia ya utomvu na mara nyingine kinaonyesha hata eneo, kaharabu ya Baltiki ina alama yake inayojulikana vizuri.

Tuseme umepata kipande cha kweli, unamtambuaje mdudu? Hesabu kwanza kabla ya kusema anafanana na nani. Miguu minane na hakuna papasi (vile vijipembe vya kichwani vya kupapasia), ni jamii ya buibui na wenzake. Mabawa mawili tu na nyuma yake vijifimbo viwili vidogo vyenye kinundu, ni nzi au mbu. Mabawa ya mbele yamegeuka maganda magumu yaliyokutana katikati ya mgongo, ni mbawakawa na jamii yake. Kiuno chembamba chenye kinundu na papasi zilizovunjika kama kiwiko, ni siafu au chungu. Kwa hizi ngazi za kwanza mtu yeyote mwenye lenzi na subira anafika. Ngazi za chini, jenasi na spishi, zinahitaji mtu aliyebobea kwenye kundi hilohilo, mtaalamu wa mbawakawa hatakusaidia kwenye nzi.

Na wataalamu wenyewe wanakosea hadharani. Machi 2020 jarida la Nature lilitoa makala ya fuvu dogo kwenye kaharabu ya Myanmar, sentimita moja na nusu hivi, likatangazwa kuwa la dainosari wa jamii ya ndege, mdogo kuliko wote wanaojulikana. Kichwa kilikuwa kama cha ndege kweli, mdomo mrefu na jicho kubwa. Watu wakaanza kuuliza maswali ya muundo, mbona meno yameshikwa kwenye taya hivi, mbona vifupa vya jicho vina umbo la kijiko kama vya mijusi. Julai makala ikaondolewa, na kielelezo cha pili kikathibitisha ni mjusi. Upande wa pili kuna ule mkia wenye manyoya ndani ya kaharabu ambao mtafiti wa visukuku Lida Xing aliukuta sokoni Myitkyina, Myanmar, mwaka 2015, uliodhaniwa ni mmea. CT skani (eksirei inayoonyesha ndani ya kitu) ikaonyesha pingili za mkia zimeachana moja moja, wakati kwa ndege wa leo za mwisho zimeungana kuwa mfupa mmoja. Pingili ndizo zilizosema dainosari, sio manyoya. Na wewe wa amonaiti utaipenda hii: mwaka 2019 ilichapishwa habari ya amonaiti mdogo ndani ya kaharabu ya Myanmar, kiumbe wa baharini ndani ya utomvu wa mti, na walichomtambulia ni ileile mistari ya kuta niliyokuonyesha, iliyoonekana kwa skani.

Kuhusu umri, usipeleke chochote kupimwa karboni. Kipimo hicho kinafika miaka 50,000 hivi basi, kwa amonaiti wako hakina maana (kwa kipande cha sandarusi, hapo ndo kinaweza kufaa). Umri wa visukuku vya zamani unatoka kwenye mwamba, hasa majivu ya volkano yenye chembe za zikoni zinazopimwa kwa urani na madini ya risasi ambayo urani inageuka taratibu, hivyo ndivyo ile 99 ya Myanmar ilivyopatikana. Ndo maana nakusumbua na mahali. Amonaiti wako ulimwokota kwenye korongo, sasa je, alikuwa amepachikwa kwenye ukuta wa mwamba au amelala chini kwenye changarawe? Kama alikuwa chini maji yanaweza kuwa yamemleta toka mbali. Andika leo kabla hujasahau, mahali, tabaka, rangi ya mwamba, na ubandike karatasi kwenye boksi lake. Kisukuku kisicho na mahali kinapoteza nusu ya thamani yake kwa sayansi.

Kumsafisha tumia brashi laini na maji kidogo tu. Siki hapana, ndimu hapana, ganda lake na pengine mwamba wenyewe ni chokaa na vitaliwa. Vanishi hapana. Ukiona sehemu zinang'aa rangi ya dhahabu ni pairaiti, madini ya chuma na salfa, mweke pakavu kabisa, maana pairaiti ikikutana na unyevu inaoza na kutoa unga mweupe mpaka kitu chote kinabomoka. Nchi nyingi zina sheria kuhusu kuokota na kusafirisha visukuku, iulize makumbusho iliyo karibu kabla ya kurudi korongoni, na ukikutana na mfupa uliozama kwenye mwamba uache hapohapo, upige picha, utoe taarifa. Kwa kaharabu ya Myanmar kuna jambo lingine zito, migodi iko eneo la vita, na mwaka 2020 chama cha kimataifa cha wataalamu wa visukuku vya wanyama wenye uti wa mgongo kiliomba majarida yasimamishe kwa muda kuchapisha vielelezo vipya vya kule. Mi mwenyewe sinunui.

Sasa nitumie picha nyingine tatu. Amonaiti kwa mgongo, mwanga ukitokea ubavuni ili matuta yatoe kivuli, sio flashi ya usoni. Karibu kabisa pale penye mistari, rula ikiwepo. Na kaharabu ikiwa imesimama kwa ukingo mbele ya taa. Kama huo mstari wa gundi utaonekana, ujumbe wa kumrudishia muuzaji nitakusaidia kuandika, maneno yake ya Dominika na milioni 65 usiyafute.